Mama, mwanao hakwenda kutazama kipindi, alikwenda kukitengeneza

Swali: Mimi ni mama kutoka Uvira, tunaishi Lexington, Kentucky, huu ni mwaka wa sita. Mtoto wangu wa kwanza anasoma chuo kikuu hapa. Jumamosi iliyopita aliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, baridi inauma, uso kaupaka rangi ya bluu, akaenda kupanga foleni Rupp Arena, ukumbi wa mpira wa kikapu. Nilidhani mechi ni asubuhi. Kumbe mechi ni usiku! Asubuhi walikuwepo watu wanne wa televisheni wamekaa mezani wanaongea. Naomba unieleze: hicho kipindi ni kitu gani, kwa nini kisafiri ikiwa ni maongezi tu, nani anakilipia, na je, mtoto wangu hapotezi muda?

Jibu: Mama, shikamoo. Najua kwenu Uvira salamu hii si ya kila siku, lakini mimi ni mtu wa Tanga, siwezi kuanza kumjibu mzazi bila hiyo. Nimefanya kazi ya matangazo ya michezo nje ya studio miaka kumi na minne. Nilianza kwa kukokota kebo, na sasa kazi yangu ni kusimama sakafuni, mbele ya kamera, nikiwahesabia watangazaji sekunde kwa vidole.

Nianzie kwenye swali lako la mwisho, maana likieleweka hilo, mengine yatakaa sawa yenyewe. Wale wanne mezani ni nusu ya kipindi. Nusu ya pili ni mwanao na wenzake, na kwa macho yangu ndiyo nusu iliyo ngumu kupatikana. Maneno ya wachambuzi yangesemwa vizuri tu wakiwa studio, wamekaa kwenye joto lao, kwa sehemu ndogo ya gharama. Kelele za vijana elfu kadhaa walioamka alfajiri kwa hiari yao hazitengenezwi studio. Ndizo zinazofuatwa kwa malori.

Kipindi kinaitwa College GameDay, na ni cha ESPN, kituo cha michezo chenye makao yake Bristol, mji mdogo wa jimbo la Connecticut, kilichoanza kurusha matangazo Septemba 1979. Jina hilo lina vipindi viwili na watu huvichanganya. Cha kwanza ni cha futiboli ya Kimarekani. Kilianza mwaka 1987 kikiwa cha studio kama vingine vyote, hadi tarehe 13 Novemba 1993 kilipofunga safari kwenda South Bend, Indiana, siku ambayo Notre Dame, timu ya pili kwa ubora nchini, iliikaribisha Florida State, timu ya kwanza. Notre Dame ilishinda 31–24. Baada ya hapo safari zikaongezeka mwaka hadi mwaka, mpaka kusafiri kukawa ndiyo sura yenyewe ya kipindi. Cha mpira wa kikapu, hiki alichokifuata mwanao, kilizaliwa Januari 2005 kwa kufuata nyayo hizo. Huenda chuo kimoja kila Jumamosi, kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Machi, msimu wa kawaida unapopamba moto. Huwa hewani asubuhi, kwa kawaida saa nne au saa tano kwa saa zenu za Lexington. Mwendeshaji wake tangu siku ya kwanza ni Rece Davis.

Tofauti kubwa ya hivi viwili ni paa. Futiboli hufanyiwa nje, penye nyasi, na sauti ya watu inapotelea angani. Kikapu kimefungiwa ndani. Sakafu ya mbao, paa la chuma, viti vimepanda pande zote nne: sauti ikitoka haina pa kwenda, inarudi. Ukisimama katikati ya ukumbi wa namna hiyo bendi ya chuo inapopuliza matarumbeta, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Mtu wa sauti aliye ndani ya gari la matangazo ana kazi mbili zinazogombana. Watangazaji wana vipaza sauti vidogo karibu kabisa na midomo. Umati una vyake, vimetegwa kuuzunguka. Akivifungua mno vya umati, mchambuzi hasikiki. Akivibana mno, kipindi kinafanana na cha studio na fedha yote ya safari imekwenda bure. Saa nzima vidole vyake haviachi kupanda na kushuka.

Nikupe mfano wa kwangu. Mwaka wa pili kazini, katika ukumbi mmoja ambao sitautaja, niliacha kebo moja bila kuibandika utepe sakafuni. Mwanafunzi mmoja akaikanyaga, kamera ya kushoto ikazima, na tuko hewani. Nilihisi damu inanihama. Kwenye kifaa cha sikioni nikamsikia mwongozaji, sauti yake haikupanda hata kidogo: “Nipe umati.” Akahamia kamera iliyowatazama vijana, akakaa nao sekunde nane hivi, wanaimba, wanaruka, mmoja kainua bango juu chini, mpaka kebo ikarudishwa. Nyumbani hakuna aliyejua kuwa tumepata ajali. Watu walidhani tumeamua kuwaonyesha raha ya ukumbi. Tangu siku hiyo siwaiti tena “watazamaji” wale wanaokaa nyuma ya meza.

Na jinsi wanavyokalishwa nyuma ya meza ni ufundi wake. Meza huwekwa chini sakafuni, juu ya mazulia maalumu ili mbao zisichubuke, maana timu itazihitaji mbao hizo baadaye kwa mazoezi mepesi ya siku ya mechi. Wanafunzi hupangwa kwenye viti vya chini, nyuma ya migongo ya watangazaji. Kamera kuu inaitazama meza kwa mbele, kwa hiyo kila neno linalosemwa lina ukuta wa nyuso nyuma yake. Ukumbi wa viti elfu ishirini ukipata watu elfu tatu tu, wakakaa mahali panapostahili, kwenye skrini unaonekana umefurika. Ndiyo sababu ya foleni ya alfajiri: kuingia ni bure, na anayewahi ndiye anayekaa kwenye ukuta huo.

Lexington lakini haihitaji ujanja wa kamera. Februari 2010, timu ilipokuwa inangoja kucheza na Tennessee usiku, watu zaidi ya 22,000 waliingia Rupp Arena asubuhi kwa ajili ya kipindi peke yake, na ikahesabiwa kuwa rekodi ya kipindi hicho. Ipime idadi hiyo, Mama. Kuna timu za kulipwa zisizopata watu hao siku ya mechi yenyewe. Mcheza kwao hutunzwa, na Kentucky wanajua kutunza.

Mwanao pengine hajakueleza kwa nini mji wenu una wazimu huu. James Naismith, mwalimu aliyeubuni mpira wa kikapu Desemba 1891 mjini Springfield, Massachusetts, alihamia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1898 na akaanzisha timu pale. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, mwenye mchezo, ndiye kocha pekee wa Kansas aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda: alishinda 55, akapoteza 60. Mwanafunzi wake Phog Allen akaichukua timu na kuifanya kubwa. Chini ya Allen akapita kijana mmoja, Adolph Rupp, wakati Naismith angali anafundisha pale pale chuoni. Rupp akaja Kentucky mwaka 1930, akakaa hadi 1972, akashinda mechi 876. Ukumbi mlionao ulipofunguliwa mwaka 1976 ukapewa jina lake. Kwa hiyo aliyeubuni mchezo na jina lililo juu ya mlango alioingia mwanao, katikati yao yuko mtu mmoja tu. Kentucky imetwaa ubingwa wa taifa mara nane, wa mwisho mwaka 2012, na kila mtoto wa shule wa Lexington anaweza kukutajia miaka hiyo.

Kila chuo kina tabia yake, na kipindi kinapozunguka hiyo ndiyo tamu yake. Duke, mjini Durham, wana Cameron Indoor, ukumbi wa mwaka 1940 wenye viti 9,314 tu, mdogo na wa karibu kiasi kwamba anayerusha mpira kutoka pembeni anahisi pumzi za wanafunzi shingoni. Kabla ya mechi na jirani zao wa North Carolina, vijana wa Duke hulala kwenye mahema nje ya ukumbi kwa wiki kadhaa, desturi iliyoanza mwaka 1986, na kile kijiji cha mahema kikaitwa kwa jina la kocha wao wa wakati huo, Mike Krzyzewski. Kansas wao wana wimbo wa taratibu, unaoimbwa kwa sauti nzito kama watu walio ibadani, na ukiusikia ndani ya ukumbi wao, Allen Fieldhouse, nywele zinasimama. Mimi ningependa kipindi kiende mara nyingi zaidi kwenye kumbi ndogo, kama ule wa Gonzaga kule Spokane wenye viti elfu sita, maana huko ndiko televisheni inakowaonyesha watu jambo wasilolijua. Vyuo vikubwa vimeshajulikana.

Sasa, nani analipa. Utakuwa umeliona jina la State Farm, kampuni ya bima, kila mahali; ndio wadhamini wa kipindi cha kikapu. Kile cha futiboli kina mdhamini mwingine, Home Depot. Udhamini huo ndio ulioleta ile sehemu ambayo vijana huisubiri kuliko uchambuzi wote: mwanafunzi mmoja anaitwa kutoka kwenye umati, anapewa mpira, anasimama kwenye mstari wa katikati ya uwanja na kujaribu kufunga ili apate maelfu ya dola. Kutoka pale hadi kwenye ringi ni kama mita 13, na ringi yenyewe iko mita 3.05 juu. Mpira unapokuwa angani ukumbi mzima unanyamaza, ndiyo nukta pekee ya kimya katika saa nzima. Nimeona vijana wakikosa wakabebwa mabegani vilevile kama wamefunga.

Chini ya udhamini liko jambo zito zaidi, na hapa nakupa tafsiri yangu kama mtu wa kazi hii. Mashindano makubwa ya Machi, yale ya timu 68, kwa upande wa wanaume hayarushwi na ESPN. Yako kwa CBS na kampuni ya Turner, ambayo sasa inaitwa TNT Sports, kwa mkataba wa mwaka 2010 wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, ambao baadaye uliongezwa hadi 2032. ESPN wana mechi nyingi mno za kabla ya hapo, lakini mwisho wa hadithi uko mikononi mwa wengine. Kwa hiyo ni lazima kwao Jumamosi ya baridi ya mwezi wa Januari ionekane sikukuu. Hawawezi kuingoja Machi iwape sherehe, wanaitafuta inakopatikana, na inapatikana kwenye foleni ya mwanao.

Hapo mzazi ana haki ya kuuliza: ikiwa kuna mabilioni, vijana wanapata nini? Kwa miaka mingi wachezaji hawakuruhusiwa kupokea chochote zaidi ya masomo na matunzo yao. Jay Bilas, mmoja wa wale wa mezani, amelisemea jambo hilo kuliko mchambuzi yeyote wa televisheni ninayemjua. Yeye alichezea Duke miaka ya themanini na ni mwanasheria. Agosti 2013 aliingia kwenye duka la mtandaoni la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, akaandika majina ya wachezaji kwenye sehemu ya kutafutia, na jezi zenye namba zao zikatokea zinauzwa. Akayaweka hadharani matokeo yale, na chama kikaacha kuuza jezi kwa njia hiyo. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Naiheshimu sana kazi hiyo ya Bilas, kwa sababu aliifanya akiwa amekaa kwenye meza ileile inayoendeshwa na fedha za biashara ileile.

Mezani wamepita wengi. Ninayemkumbuka kwa mapenzi ni Digger Phelps, aliyekuwa kocha wa Notre Dame mwaka 1974 timu yake ilipouvunja mfululizo wa ushindi wa mechi 88 wa UCLA, chuo cha Los Angeles, kwa pointi moja, 71–70. Alikuwa na kalamu nene ya kupigia mstari maandishi, na rangi ya kalamu ilifanana na ya tai yake. Tai ya kijani, kalamu ya kijani. Tai ya waridi, kalamu ya waridi. Watu waliwasha televisheni mapema ili waone leo ni rangi gani. Hubert Davis alikaa kwenye kiti cha uchambuzi hadi 2012, akaondoka kwenda kuwa msaidizi wa kocha chuoni kwake North Carolina. Mwaka 2021 akakabidhiwa timu yenyewe, na msimu wake wa kwanza tu akaifikisha fainali. Na miaka ya karibuni yumo Andraya Carter, aliyechezea timu ya wanawake ya Tennessee, naye huchambua mchezo kwa lugha safi ambayo hata wewe, Mama, utaifuata.

Kwa upande wa wanawake, safari ya kwanza ya kipindi ilikuwa tarehe 16 Januari 2010, kwenda Storrs, Connecticut, UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, walipocheza na Notre Dame. Natamani safari hizo ziwe nyingi zaidi, kwa sababu kumbi za wanawake sasa zinajaa bila kubembeleza mtu. Storrs ina maana nyingine kwetu sisi. Katika ukumbi uleule, Gampel Pavilion, ndipo alipochezea Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, kabla ya kuchaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009. Na msimu wa 2024–25, kati ya vijana waliovaa jezi ya Duke alikuwepo Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda. Mwanao anayajua majina haya, muulize tu, utaona atakavyochangamka kukusimulia.

Kwa hiyo kuhusu kupoteza muda, jibu langu ni hapana, ila kwa sharti kwamba ajifunze kuangalia upande wa nyuma pia. Siku kipindi kitakaporudi, mwambie ale kwanza, avae nguo nzito mbili atakazozivua ndani, achukue kitambulisho cha chuo, aache begi kubwa nyumbani maana kumbi nyingi hawaruhusu, na bango lake lisiwe na kijiti cha kushikia wala matusi. Kipindi kikiisha, wenzake wakikimbilia chakula, yeye azunguke nyuma ya jengo, magari ya matangazo yanakoegeshwa. Atakuta kebo nene kama mkono wa mtoto zinaingia ukutani, na watu waliochoka wanakunywa kahawa, ambao wengi wao hufurahi kuulizwa swali la maana. Asiingie ndani ya gari bila kualikwa, asimsumbue aliyevaa vifaa vya masikioni, amtafute aliyeketi.

Tena hana haja ya kungoja ESPN waje. Vyuo vya ligi yenu, SEC, hutengeneza vyenyewe mechi nyingi zinazorushwa mtandaoni: voliboli, mpira wa miguu, mpira laini, kikapu cha wanawake. Wanafunzi hufanya kazi humo, kwenye kamera, kwenye maandishi ya skrini, kwenye marudio, na hulipwa. Aende ofisi ya michezo ya chuo aulize kitengo cha video, mwanzoni mwa muhula, kabla nafasi hazijajaa. Watampa kebo akokote, kama walivyonipa mimi. Asiikatae. Na aibandike utepe.

Jambo la mwisho ni la bibi yake. Kama yuko Uvira na anapenda kumwona mjukuu, saa tano asubuhi ya Lexington wakati huu wa baridi ni saa kumi na mbili jioni kwake. Mechi ya saa tatu usiku itamkuta saa kumi alfajiri, hiyo mwache alale. Akikosa kipindi chenyewe, vipande vyake huwekwa mtandaoni. Lakini atamtambuaje kati ya maelfu ya nyuso za bluu? Mwambie kijana aandike bango lake kwa Kiswahili, herufi kubwa, nyeusi juu ya karatasi nyeupe isiyong’aa ili taa zisilifute, na aliinue Rece Davis anapogeuka kuutazama umati wakati wa kwenda matangazo ya biashara. Hapo ndipo mwongozaji anapotafuta picha ya kutokea.